Siku Pikipiki la Masafa Lilipodondosha Bomba

Kijiwe chetu cha kahawa kilikuwa mbele ya karakana ya Masafa, fundi wa kushona viti vya magari, pale barabara inapopinda na lami inaanza kumeguka pembeni. Kiti cha kijiwe kilikuwa kile kirefu cha nyuma cha basi. Mwenye basi alikileta kishonwe upya, akaenda zake, na mpaka leo hajarudi. Masafa alikishona vilevile, kwa plastiki nyekundu inayong'aa, akakiegemeza ukutani, na tangu siku hiyo hakuna mwanamume wa mtaa ule aliyekumbuka kwamba nyumbani kwake kuna viti. Kulia kwa kiti palikuwa na jiko la mkaa, na nyuma ya jiko alikaa mke wa Masafa, muuza kahawa, ambaye watu wote walimwita Shemeji. Kushoto palikuwa na pikipiki.

Na hilo pikipiki, jamani, lilikuwa habari nyingine. Lilikuwa pikipiki la safari ndefu, la enzi zile ambazo chuma kilikuwa chuma. Mbele lilikuwa na kioo cha kukinga upepo, pembeni masanduku mawili ya kutilia nguo, nyuma kiti cha abiria chenye kiegemeo, na chini mabomba mawili ya moshi, moja kila upande, marefu na manene. Masafa alilinunua kwa mtu aliyekuwa akizunguka dunia, ambaye alipofika mtaani pale alichoka ghafla akapanda ndege. Ndipo fundi wetu alipopata jina la Masafa, na jina alilopewa na wazazi wake likafa kifo chake cha kawaida.

Kila asubuhi kulikuwa na utaratibu, na utaratibu haukuvunjwa kwa mvua wala kwa msiba. Shemeji akiinua birika, Masafa anageuza ufunguo. Pikipiki linanguruma, wanakijiwe wanainamisha vichwa na kusikiliza kwa heshima kama taarifa ya habari, vikombe vinajazwa kimoja kimoja, na cha mwisho kikijaa Masafa anazima. Hapo siku inahesabiwa kuwa imeanza. Kisha mazungumzo yanahamia kwenye safari: apite njia gani, alale wapi, matairi atajaza upepo kiasi gani. Walikuwa wakichora ramani mavumbini kwa vijiti. Kama maneno yangekuwa petroli, Masafa angekuwa ameshaizunguka dunia akarudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa Ijumaa hiyo Shemeji aliinua birika, Masafa akageuza ufunguo, na badala ya mngurumo kukatoka mkwaruzo, kisha kishindo, na bomba la upande wa kulia likakatika shingoni, likaanguka chini. Vumbi jekundu la kutu likapanda. Injini, ikiwa haina tena cha kuifunika mdomo, ikatoa kelele ya kupasua ngoma za masikio. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na trei ya mayai akakaa chini palepale, kwa busara tu. Masafa akazima haraka.

Kitu cha kwanza alichohisi Masafa kilikuwa furaha. Afadhali lisemwe wazi. Ilikuwa furaha ndogo ya haraka, ile ya mwanafunzi aliyeambiwa kwamba mwalimu wa hesabu ni mgonjwa. Halafu akainua macho, akamwona mkewe ameshika birika hewani bila kumimina, anamtazama yeye na si bomba, na furaha ile ikageuka aibu mpaka masikio yakamwaka.

Kwa sababu asubuhi hiyohiyo, walipokuwa wakikunja shuka, kila mmoja ameshika ncha zake, mkewe alikuwa amemwambia neno. Dada yake mkubwa, yule aliyemlea baada ya mama yao kufariki, anaishi ng'ambo ya milima, mwendo wa siku nzima. Tangu siku pikipiki lilipoingia nyumbani, Masafa aliahidi kumpeleka nalo huko. Mwaka mmoja ikawa mvua. Mwaka mwingine ikawa betri. Ikaja ya matairi, ikaja ya kazi nyingi, ikaja ya breki. Sasa dada ameleta ujumbe kwamba macho yake yanafifia, na anataka kumwona mdogo wake angali anaona.

– Kesho nakwenda kwa dada, mkewe alikuwa amesema. Nikienda na wewe, tutarudi wote wawili. Nikienda na basi, mimi nitakaa hukohuko. Nimechoka kuwa mke wa mtu anayejiandaa.

Hakupaza sauti. Alichukua ncha zote nne za shuka, akalikunja, akaliweka kabatini. Na Masafa, aliyemjua mke wake vizuri, alijua kwamba mambo aliyoyasema kwa kelele yalikuwa na msamaha ndani yake, lakini aliyoyasema kwa utulivu yalikuwa yamekwisha kuamuliwa.

Wanakijiwe hawakujua lolote kati ya hayo. Wao walikuwa wamekwisha kuinuka na kulizunguka bomba lililoanguka kama watu waliokuta mgonjwa njiani. Wa kwanza kuinama alikuwa Redio, kinyozi wa mlango wa pili, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia. Wa pili alikuwa Mzee Hakimu, ambaye hakuwa hakimu. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, ila alizisikia hukumu nyingi kiasi kwamba alianza kutoa zake. Wa tatu alikuwa Cheche, fundi wa kuchomelea, mwenye karakana ng'ambo ya barabara, mtu aliyetembea na miwani myeusi kichwani hata alipokwenda harusini.

Cheche akalipita bomba la kulia, akaenda kwa la kushoto, lile ambalo bado lilikuwa limeshika. Akaliminya kwa dole gumba. Dole likazama ndani.

– Hili nalo limekufa, akasema. Halijaambiwa tu.

Redio akamwambia Masafa asijali, kwani haraka ya nini, pikipiki lipumzike mpaka mwaka ujao, huku wao wakiendelea kuchagua njia. Ndipo Masafa akasema kwamba kesho ana safari. Wakacheka. Wakamuuliza kama ni ileile. Yeye hakucheka. Akashusha sauti.

– Sikilizeni. Kesho lisipoondoka pikipiki, ataondoka Shemeji yenu, na hatarudi.

Vichwa vitatu vikageuka kwa pamoja kuelekea jikoni. Shemeji alikuwa akipepea mkaa, hakuinua uso. Lakini alikuwa akipepea kwa nguvu kuliko mkaa ulivyohitaji. Vichwa vikarudi. Ilikuwa wazi kwamba kila mmoja alikuwa ameiona asubuhi ya Jumamosi bila kahawa, na asubuhi ya Jumapili, na asubuhi zote zinazofuata mpaka mwisho wa maisha yake.

– Cheche, akasema Mzee Hakimu, mahakama inaamuru kazi ianze mara moja.

Basi kijiwe kikashikwa na homa. Redio alifunga kibanda chake cha kunyolea huku mteja yu ndani, nusu kichwa kimenyolewa, kisha akakumbuka, akarudi kumtoa, na mteja mwenyewe badala ya kudai nusu iliyobaki akaja kushika taa. Cheche akavuka barabara mbio. Katika lundo la vyuma nyuma ya karakana yake palikuwa na mabomba ya pikipiki jingine la safari, lililogongwa na lori, mwenyewe akapona lakini hakutaka hata kulisikia. Hayakuwa ya aina ile. Yalikuwa marefu mno, na shingo zake zilipinda kwa upande mwingine. Cheche akayapima kwa kamba, akayapima tena kwa mkono wake, akatamka kwamba yatakatwa, yatapindwa, yatachomelewa, na kufika alasiri yatakuwa yamesahau kwamba yaliwahi kuwa ya mtu mwingine.

Ila kwanza yatoke yale ya zamani. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kila shingo ya bomba, hata ile iliyobaki bomba la kulia lilipokatika, ilikuwa imeshikwa kwenye injini kwa bolti mbili nyembamba, na nati za bolti hizo zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka hazikuwa na pembe tena. Cheche akawaeleza kwa ufupi: nati ikikataa na mtu akailazimisha, bolti inakatikia ndani ya injini. Ikikatikia ndani, injini yote ishuke, ifunguliwe, ichimbwe. Hiyo si kazi ya siku moja, na wala si ya wiki moja.

Wakazimiminia mafuta mepesi, wakasubiri yapenye. Na kwa kuwa mwanakijiwe hawezi kusubiri kimya, wakaanza kulitafuta chimbuko la kutu. Pikipiki hili, walikumbushana, linakaa chini ya paa. Halijanyeshewa. Masafa analifuta kila jioni kwa kitambaa laini kuliko anachofutia uso. Sasa kutu imetoka wapi?

Redio alikuwa na jibu kabla ya swali kwisha. Ni mafuta ya siku hizi, alisema, yamejaa maji, ndiyo maana hata taa za chemli haziwaki kama zamani. Aliambiwa kwamba hakuna mtu anayewasha chemli siku hizi. Akasema ndiyo hiyo sasa, waliacha kwa nini?

Mzee Hakimu aliitupilia mbali hoja hiyo. Yeye alisema mhalifu ni mbwa. Mbwa wa mtaa wana mazoea ya kuinua mguu kwenye kitu chochote kilichosimama mahali pamoja muda mrefu, na mkojo wa mbwa unakula chuma.

– Lakini mzee wangu, bomba liko juu, akasema Redio. Mbwa gani huyo?

– Mbwa mrefu, akasema Mzee Hakimu. Yuko mmoja. Nimemwona kwa macho yangu.

Cheche, akiwa amelala chali chini ya pikipiki, alitoa nadharia yake kwa sauti iliyopita katikati ya vyuma. Chuma hiki kilizaliwa nchi za baridi. Damu yake ni ya baridi. Ukikileta kwenye joto, kinafanya kama binadamu, kinatoa jasho, kwa ndani, ambako hakuna mtu wa kukifuta. Yeye amekwisha kuchomelea vyuma vya kila aina, na vile vya ugenini hulia vinapoguswa na moto. Mtu akiwa na masikio atasikia.

Hapo Redio akaona amepitwa, naye hakuwa mtu wa kukubali kupitwa. Akaleta mnara wa simu. Mnara uliposimamishwa nyuma ya shule, alisema, nyembe zake zilianza kushika kutu ndani ya karatasi zikiwa bado hazijafunguliwa. Yale maneno ya watu yanayopita hewani yana chumvi. Hasa ya wapenzi, kwa sababu wanalia sana. Sasa chukua bomba lenye mdomo wazi, umelielekeza kwenye mnara usiku kucha, unategemea nini?

Masafa aliwasikia kwa sikio moja. Spana ilikuwa mkononi mwake, kwani alikuwa amekataa mtu mwingine yeyote asiguse nati hizo. Ya kwanza ilitoka kwa taabu. Ya pili ilitoka na ngozi ya kidole chake. Ya tatu Cheche aliipasha moto kwa gesi mpaka ikawa nyekundu, ikatoka ikiwa inafuka moshi, na kijiwe kizima kikapiga makofi hata wapita njia wakasimama kuuliza nani kaoa. Ikabaki ya nne.

Ya nne ilikataa. Ilipashwa moto, ikakataa. Ilimiminiwa mafuta, ikapigwapigwa kwa nyundo ndogo, ikapashwa tena. Masafa akaishika kwa spana, akasukuma taratibu, akahisi bolti inaanza kujikunja badala ya nati kuzunguka. Aliihisi kwenye kiganja, kama mshonaji anavyohisi uzi unaotaka kukatika. Akatulia hapohapo.

Akili yake ikamletea jambo la ajabu, tena kwa sauti ya upole kabisa. Sukuma kidogo tu. Itakatika. Hakuna atakayekulaumu, watu wamekuona ulivyohangaika tangu asubuhi, jasho linakutiririka, kidole kinatoka damu. Hata mkeo ataona. Utakuwa na sababu bora kuliko mvua, bora kuliko betri. Na kesho asubuhi utakaa kwenye kiti chako chekundu, nao watakupa pole, na safari itabaki nzuri vilevile kama ilivyokuwa siku zote, haina shimo, haina vumbi, haina kupotea njia.

Masafa aliogopa. Si bolti aliyoiogopa. Aliogopa alivyoipenda sauti ile.

Akarudisha spana nyuma. Badala ya kufungua, akakaza, kidogo sana. Kisha akafungua kidogo sana. Akakaza. Akafungua. Mbele unywele, nyuma unywele. Redio akasema ndivyo anavyofanya yeye na ndevu za wazee, akaambiwa anyamaze, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule akanyamaza. Hata upepeo wa mkaa ulikuwa umetulia. Masafa hakugeuka, ila alijua mkewe amesimama nyuma yake. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Nati ikalia kidogo, ikaachia, ikazunguka.

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mzee Hakimu alivua kofia yake, akajifutia uso, akaivaa tena.

– Endeleeni, akasema. Kesi inaendelea vizuri.

Mchana wote ukaishia ng'ambo ya barabara, kwa Cheche. Mabomba yakakatwa, yakapindwa juu ya bomba la maji lililojazwa mchanga, yakachomelewa, yakapigwa brashi. Shemeji alivuka mara kwa mara na birika. Aliwamiminia, akatazama cheche zinavyoruka, akarudi. Masafa kila mara alitaka kumwambia neno, na kila mara neno likaona heri libaki lilipo.

Wakati viungo vipya vikipoa, Cheche, kwa udadisi wa fundi, akalichukua lile bomba la zamani akalipasua kwa msumeno, kwa urefu, kama mtu anavyopasua samaki. Likafunguka. Maji yakamwagika.

Wakaruka nyuma wote. Hayakuwa matone. Yalikuwa maji ya kikombe kizima, meusi, mazito, yamechanganyika na matope mekundu ya kutu. Na lile bomba kwa nje lilikuwa bado na mahali palipong'aa. Kuoza kwake kote kulianzia ndani.

Basi hapo ndipo akili za watu zilipokata kamba. Redio alisema kwa ushahidi huu mnara wa simu umeachiliwa huru, kwani maneno hayawezi kuwa mengi kiasi hicho. Cheche alisema jasho, jasho, si aliwaambia, likakaa likawa bwawa. Mwenye nusu kichwa alisema amewahi kusikia vyura wanaingia kwenye mabomba kutaga. Mzee Hakimu akainua mkono wakanyamaza. Akasema kuna mtu. Kuna mtu mwenye husuda, hataki Masafa asafiri, naye huja kila siku kumimina maji humu ndani kwa kikombe, kidogo kidogo, ili yasionekane.

– Mtu huyo anatujua, akasema Mzee Hakimu. Na nasema bila woga, ameketi nasi.

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kijiwe kile kuingiwa na ubaridi. Kila mmoja alianza kukumbuka nani hukaa karibu na pikipiki na nani hupenda kushika kikombe kwa muda mrefu.

Wakati huohuo akaingia dada wa duka jipya la dawa. Alikuwa amefungua duka mkabala na kijiwe siku chache tu zilizopita, wala hakuwajua kwa majina. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, akitafuta kahawa, na akasalimia watu wote vizuri. Akaliona bomba lililopasuliwa na maji yake. Akawasikiliza kidogo, kwani walikuwa wakijieleza wote kwa pamoja. Akaangalia ng'ambo, kule lilikosimama pikipiki na masanduku yake mawili.

– Samahani, akasema. Naliona likiwashwa kila asubuhi. Kwani huwa linakwenda wapi?

Ni swali ambalo mtoto angeuliza. Redio alifungua kinywa. Akakifunga. Cheche akaishusha miwani yake machoni ingawa hapakuwa na moto wa kutazama. Mzee Hakimu alianza kusema kwamba swali hilo lina pande mbili, akautafuta upande mmoja, hakuuona. Dada akangoja, akidhani hawakusikia. Akauliza tena kwa upole, safari hii akimwelekea Masafa mwenyewe, kwa vile alikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko.

– Haliendi, akasema Masafa.

Ni Cheche aliyelimaliza, na alilimaliza polepole, kama mtu anayejisomea hukumu yake mwenyewe. Injini ikiwashwa, alisema, moshi wake una maji, kila fundi analijua hilo. Pikipiki likienda mbali, bomba linapata moto, maji yanakauka yanatoka. Likiwashwa kwa muda wa kujaza vikombe tu, halipati moto. Maji yanabaki. Kesho yanaongezwa mengine. Kesho kutwa mengine.

– Kwa hiyo huyo mtu aliyekuwa akimimina... akasema Redio.

– Ni sisi, akasema Cheche. Kila asubuhi, tukinywa kahawa.

Mzee Hakimu alikaa kwenye tairi. Hakutoa hukumu. Shemeji alikuwa mlangoni na birika lake, amesikia kila neno, na Masafa alipomtazama hakuona ushindi usoni mwake. Aliona uchovu tu, na huo ulimuuma zaidi.

Wakavuka barabara, wakayafunga mabomba mapya. Nati mpya, vizibo vipya vya kuzuia moshi usivuje shingoni, kila kitu kikakazwa kikapimwa. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa pili wa mtaa walipomaliza. Masafa akapanda. Akageuza ufunguo.

Sauti ilitoka nzito, ya chini, iliyotulia. Nzuri kuliko ya kwanza. Homa ya asubuhi ikawarudia wote mara moja. Redio alimkumbatia mwenye nusu kichwa. Cheche alipita mkono juu ya kila kiungo kutafuta upepo unaovuja, hakuupata, akaanza kucheka peke yake. Na mikono yao, kwa mazoea tu, ikaenda kwenye vikombe, ikavinyoosha kwa Shemeji.

Shemeji akaliinamisha birika. Yakatoka matone mawili na mashapo.

– Imekwisha, akasema.

– Basi zima, kaka, Redio akamwambia Masafa. Tumeshaisikia. Kesho asubuhi ukiondoka tutaisikia tena vizuri, na kahawa ya moto.

Lilikuwa neno la kawaida kabisa, na Masafa alikuwa amekwisha kuupeleka mkono kwenye ufunguo. Akauangalia mkono wake. Akauondoa, akaushika usukani.

– Mke wangu, akasema. Kachukue mkoba.

– Saa hizi?

– Saa hizi. Tutalala njiani, popote patakapotukuta.

– Si ulisema kesho?

– Nikilala hapa leo, kesho nitapata sababu nyingine. Najijua. Leo nusura niivunje ile bolti kwa makusudi.

Hakuna aliyewahi kumsikia Masafa akisema jambo kama hilo, na wala Masafa hakuwahi kujisikia. Mkewe akainama nyuma ya gunia la mkaa akatoa mkoba, ule mkubwa, umefungwa, na khanga imefungwa juu yake.

Masafa akauangalia. Haukuwa nyumbani. Ulikuwa hapo kutwa nzima, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake.

– Basi la kwanza linaondoka alfajiri, mkewe akasema. Nilikusudia nikifunga jiko jioni hii nikalale kwa shoga yangu, karibu na stendi. Sikutaka kukuaga mara mbili.

Alikuwa amedhani ana muda mpaka kesho. Kumbe hakuwa na kesho. Alikuwa na jioni hii tu, na nusura aizime kwa ufunguo. Akashuka, akalifungua sanduku la pembeni, akautia mkoba humo. Uliingia sawasawa.

Shemeji akampa Redio birika, akamwambia jiko ni lile, mkaa ni ule, na kama hajui kuchemsha maji amuulize dada wa duka la dawa, anaonekana ana akili. Akapanda nyuma, akajifunga khanga vizuri, akaegemea.

– Njia unaijua? akamuuliza mumewe.

Redio akashtuka kutaka kujibu, kwani njia hiyo walikuwa wameichora mavumbini mara nyingi, kila mto na kila daraja. Mzee Hakimu akamshika mkono.

– Siijui, akasema Masafa.

– Mimi naijua. Ndiyo niliyopitia nilipokuja kuolewa.

Wakaondoka. Mtaa ukapita, na shule, na mnara, na maduka ya mbao, na vituo ambavyo Masafa alivijua kwa kuvisimulia tu. Alikuwa akiogopa na akifurahi kwa wakati mmoja, na hakuweza kutenganisha kipi ni kipi. Joto la bomba lilianza kumpanda mguuni. Walipofika njia panda ya kutokea mjini alipunguza mwendo, akasimama katikati kama mgeni, magari yakimpigia honi. Mkewe akamgusa bega la kulia.

Akakata kulia.